Mama wa Kaniki wa Kwemkuyu

Hadithi hii nimeisimulia kilabuni mara nyingi, na kila mara nimeigeuza kichekesho. Watu wakishaonja boha, pombe yetu ya miwa, huniita: "Fanueli, tupe ile ya mwenyekiti aliyepiga magoti msalabani na beji ya chama." Nami huwapa. Wanashika mbavu, wananiongezea kikombe, narudi nyumbani. Leo sitaki kumchekesha mtu. Siku hizi nikiombwa hadithi ile naona kinyaa, na kinyaa chenyewe si cha mwenyekiti peke yake. Nataka kumsimulia Klara, mama Mika, jinsi alivyokuwa, hata kama sehemu yangu inanuka.

Klara aliletwa misheni ya Kwemkuyu akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya mama yake kufariki. Baba yake alitaka apate shule. Shule hakupata, alipata ufagio. Alilifagia kanisa lile kabla ya vita kuu ya pili, akalifagia siku bendera ya uhuru ilipopandishwa, akalifagia mwaka wa Azimio la Arusha. Katikati ya kufagia aliolewa, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Mika. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na hakuwa na subira na mpumbavu. Ukiingia kanisani na tope viatuni alikurudisha mlangoni, hata ungekuwa padri.

Nyuma ya altare ya kanisa lile palikuwa na picha ya mbao yenye mabawa mawili, yanayofungwa na kufunguliwa kama milango ya kabati. Bruda mmoja mzee wa Kijerumani ndiye aliyeichora, akifuata picha za kale za kwao, za miaka mia tano na zaidi iliyopita. Klara, wakati huo msichana, alimsagia rangi na kumwoshea brashi. Bruda alipenda kuongea akifanya kazi, na Klara alipenda kusikiliza huku akijifanya hasikii. Hivyo mzee yule alipozikwa, mtu pekee katika milima yetu aliyejua kuisoma picha ile alikuwa mfagiaji asiyejua kusoma kitabu.

Mimi niliiona mara ya kwanza nilipoitwa kuandika jina la parokia juu ya mlango. Kazi yangu ilikuwa mabango: maduka ya Lushoto, ubavu wa magari, baadaye kaulimbiu za chama. Tena mimi ni Mlutheri. Kanisani kwetu ukutani kuna msalaba mtupu, basi. Nilipoinua macho nikamwona yule Yesu wao, nusura nitoke nje. Ngozi ilikuwa ya kijani kama nyama iliyolala siku tatu. Vidole vimekakamaa, mbavu zimetokeza, miiba imekatikia ndani ya mwili, na kila mwiba umezungukwa na usaha. Nikasema kwa sauti, "Ni nani aliyependa uchafu namna hii?"

Jibu likatoka nyuma ya nguzo. "Na wewe ukiota jipu, unamtaka Mungu asiyejua jipu ni nini?"

Nikageuka, nikamwona na ufagio wake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea huku, umesimama niliposhafagia."

Akanisomesha pale pale. Fuvu lililo chini ya msalaba ni la Adamu, na damu inamdondokea ili naye apate nafuu. Yule ndege mkubwa anayejidonoa kifua analisha makinda yake kwa damu yake mwenyewe, naye ni Yesu tena. Maua meupe kwenye bawa la kushoto ni usafi wa Maria. Yuda ndiye yule wa njano. "Na aliyechorwa mkubwa ni mkubwa mbele ya Mungu," akasema, "ndiyo maana huyu hapa ni kama panya." Akanionyesha kona ya chini, palipokuwa na mzungu mmoja mnene, amepiga magoti na kukutanisha viganja, urefu wake haufiki goti la Yohane, mwanafunzi wa Yesu. Huyo, aliniambia, alikuwa tajiri aliyeilipia picha ya kale ambayo bruda aliifuata. Zamani huko kwao mwenye kulipa aliwekwa ndani ya picha, lakini aliwekwa mdogo, asije akajisahau.

Ila watu wa Kwemkuyu hawakuja kwa ajili ya ndege wala fuvu. Walimjia mama wa Yesu. Maria alikuwa upande wa kushoto wa msalaba, anaanguka. Magoti yamemkatika, Yohane amemdaka kwapani, mdomo wake uko wazi, na machozi yamechorwa moja moja kwa rangi nene hata ungeweza kuyahesabu kwa kidole. Joho lake bruda alilipaka buluu kama desturi ya kale ilivyotaka, buluu ya mbinguni, rangi ya gharama kuliko zote. Lakini moshi wa mishumaa na ubani wa miaka mingi uliila buluu ile mpaka ikakaribia kuwa nyeusi. Wanawake wetu walipoitazama hawakuona mbingu. Waliona kaniki, nguo nyeusi ambayo mama zao walilimia na kufiwa nayo. Wakamwita Mama wa Kaniki, wakamfanya mfiwa mwenzao. Ikawa mila: mwanamke akizika mtoto, awe Mkatoliki au Mlutheri, na hata Hamida muuza vitumbua, ambaye ni Mwislamu, alikwenda mchana kukaa sakafuni chini ya picha ile na kulia mpaka atosheke.

Mapadri walisema watu wamekosea. Klara alijua kuliko mapadri, maana buluu ile aliisaga kwa mikono yake. Nilimwuliza kwa nini hawaambii ukweli.

"Nimwambie mfiwa kwamba nguo ile ni ya kitajiri?" alisema. "Acha. Tazama Yohane. Hamwambii mama wa watu nyamaza. Amemshika tu."

Mwaka wa sabini na nne mvua iligoma, tukala ule unga wa njano wa msaada tulioupa jina la Yanga. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Paskali, mtu wa shingo nene, aliyewahi kuwa mnyapara kwenye mashamba ya mkonge na hakuiacha sauti ya unyapara huko. Aliwaahidi wakubwa wake kwamba Kwemkuyu tungefungua shamba la ujamaa chini kabisa, nyika ya Mnazi, na bila kutuuliza akachagua vijana thelathini. Kila mtu wa milimani anajua kuwa homa ya nyika haina huruma na mtu wa baridi. Wazee walisema wapelekwe na dawa. Paskali akajibu kwamba dawa ya njaa ni jembe.

Mika alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliugua wiki ya pili. Wenzake wakatuma ujumbe kwamba lori la kijiji liwafuate wagonjwa. Lori lilikuwa limekwenda Mazinde, limebeba kwaya, kuwaimbia wageni wa mkoa watakaopita barabarani, na Paskali mwenyewe alikaa mbele na dereva. Ujumbe ulimfikia huko huko. Alicheka, akasema vijana wa siku hizi wakiona jembe wanashikwa na homa. Wageni walichelewa siku tatu, na kwaya ikawasubiri. Mika akarudishwa nyumbani amefungwa ndani ya jamvi, mabegani mwa wenzake, kwa miguu.

Msibani Paskali alitoa hotuba. Alisema kijana amekufa kishujaa katika vita vya uchumi. Klara alipofungua kinywa kulia, Paskali alimnyooshea kidole mbele ya jeneza la mwanawe. "Mama, nyamaza. Unawavunja moyo wenzako." Nilikuwepo, hatua nne kutoka pale. Niliangalia viatu vyangu. Sote tuliangalia viatu vyetu, halafu tukala maharage ya msiba, na wengine wakaomba kuongezewa.

Klara akaenda kwa Mama wa Kaniki. Kila siku, akishamaliza kufagia, alikaa sakafuni akamlilia Mika kwa sauti yote aliyonyimwa. Siku arobaini zikapita, akaendelea. Aliniambia kwamba mahali pengine popote akilia anajisikia mkosaji. Kwa hiyo ukitaka kujua mwanamke yule alikuwa amebakiwa na nini duniani, alibakiwa na sakafu ile na uso ule.

Mwaka uliofuata paa la kanisa lilivuja. Paskali akaleta mabati. Yalikuwa mabati ya zahanati ya kijiji, kila mwenye macho alijua, na Padri Silvano wa parokia ile aliyajua kuliko wote kwa sababu aliyabariki siku yalipoletwa kwa ajili ya zahanati. Akayabariki tena. Siku ya kukagua paa jipya Paskali alisimama mbele ya picha, akamwuliza Klara yule mzungu wa pembeni ni nani. Na Klara, ambaye hakuweza kujizuia kufundisha hata alipokuwa na uchungu, akamweleza.

"Kwa hiyo huyu alitoa kitu, akawekwa?"

"Ndiyo."

"Mimi nimetoa mabati," Paskali akasema. "Na nchi ina uhuru miaka kumi na minne. Huyu mzungu bado anatafuta nini kanisani kwetu?"

Kesho yake niliitwa ofisini. Alinitaka nimwondoe mzungu nimweke yeye. Nilimweleza sheria ya picha, kwamba mtoaji huchorwa mdogo. Akaniuliza kama yeye ni mtoto au panya. Alitaka awe mkubwa sawa na Yohane. Nikamwambia kwamba nafasi haipo, Maria yuko pale.

"Yule mwanamke wa kaniki? Taifa zima linasimama, yeye anaanguka. Aibu tupu. Mfunike."

Nikasitasita. Nadhani nilisitasita, ingawa huenda naongezea ili nionekane mtu. Akanitazama kwa upole. "Fanueli, wewe una shamba? Kazi yako inaeleweka? Mnazi nafasi bado zipo." Nikaomba rangi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa kilabuni huwa naruka. Fundi wa mabango hapaki rangi juu ya rangi kuukuu. Ukifanya hivyo, haupiti mwaka itabanduka kama ngozi ya mwenye upele na utachekwa mji mzima. Kwanza unapiga msasa. Mikono yangu ilikuwa imefanya hivyo miaka ishirini, nayo ikafanya hivyo. Nilianza chini kwenye joho. Masizi yalipotoka, buluu ya bruda ikatokea safi kama siku ilipopakwa, nikaiona kwa muda mfupi, kisha ikageuka vumbi mkononi mwangu. Nikapanda mpaka usoni. Machozi ndiyo yalikuwa magumu. Niliyasugua moja moja mpaka nikafika kwenye mbao. Ningeweza kuacha. Hakuna aliyekuwa amenisimamia, na Paskali alisema nifunike tu, hakusema nifute. Nilisugua kwa sababu nilitaka kazi yangu idumu. Hebu niambie kama kuna uchafu mkubwa kuliko huo.

Kisha nikampaka Paskali kwa rangi ya mafuta ya maduka: suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, beji ya chama, shingo yake yote, viganja vimekutana kama vya malaika. Niliichora vizuri. Hata leo sijui kuchora vibaya kwa makusudi.

Siku ya tatu Klara aliingia. Padri alikuwa amemnyang'anya ufunguo, lakini miaka arobaini ya kufagia ilimfundisha milango yote. Aliisogelea picha.

"Yuko wapi?"

"Yuko chini, mama Mika."

"Chini ya rangi hii?"

"Ndiyo."

"Mzima?"

Niliitazama mikono yake. Nikasema, "Mzima, mama. Nimemfunika tu. Siku rangi hii ikibanduliwa utamkuta kama alivyokuwa."

Akashusha pumzi. "Basi atavumilia. Amevumilia mengi." Halafu akaniomba nimwonyeshe uso uko wapi hasa. Nikaweka kidole kwenye kifua cha Paskali, kando ya beji. "Hapa," nikasema.

Picha ilizinduliwa Jumapili. Kwaya iliimba, ile ile ya Mazinde. Padri Silvano alihubiri juu ya ukarimu. Watu waliokuwa wamefundishwa na Klara kusoma kila unyoya wa kila ndege walimwona mwizi wa mabati amepiga magoti, mkubwa kama mtakatifu, wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu. Nje kulikuwa na wali, na njaa haina adabu.

Kuanzia siku ile Klara alirudi mahali pake. Kila siku alikaa sakafuni, akakaza macho kando ya beji ya Paskali, akalia. Waliomwona walisema amemsamehe. Padri akamfanya mfano wa mahubiri. Paskali akawa anawaleta wageni wa wilaya wamtazame: "Huyu ndiye mama wa shujaa wetu, ananiombea." Klara hakugeuka hata mara moja. Wanawake aliwanong'oneza siri, kwamba Mama wa Kaniki yuko mzima, yuko chini pale, anasikia. Yunis, aliyezika mapacha wake ndani ya wiki moja, alikwenda akagusa beji ile kwa ncha za vidole akalia mpaka akalala. Hayo niliambiwa na watu nikiwa kwenye kibanda changu cha kazi mjini Lushoto. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye huruma, na jioni nikaenda kilabuni kuchekesha watu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu ya miaka minne. Mwaka wa sabini na tisa Paskali aliondolewa kwenye uenyekiti, akahamia kwa mwanawe Tanga. Padri mpya aliiangalia picha akauliza huyu ni nani. Klara hakusubiri maelezo ya mtu. Alitembea saa tatu mpaka kibandani kwangu.

"Shikamoo, mama Mika."

"Marahaba. Beba vifaa. Siku imefika."

Nilimwambia sina tapentaini. Akatoa chupa kwenye kikapu chake. Nilimwambia nina kazi ya watu. Akakaa kwenye kigoda akasema atangoja. Tukaondoka. Nilikuwa na saa tatu za kupanda mlima pamoja naye, na katika saa hizo tatu niliongea juu ya mvua. Yeye alinieleza atakavyofanya. Wanawake watangoja nje. Kwanza atamfuta uso kwa maji ya uvuguvugu, maana amekaa gizani muda mrefu, si vizuri watu wamkute hivyo. Alikuwa anacheka peke yake njiani. Sijawahi kumwona Klara akicheka namna ile, na bado sikusema.

Kanisani alisimama kando yangu na beseni na kitambaa cheupe. Nililowesha kifua cha Paskali kwa tapentaini, nikakwangua. Suti ikatoka vipande vipande. Chini yake palikuwa mbao. Nikakwangua kushoto, mbao. Nikakwangua juu kidogo, nikijua, mikono ikienda tu, mbao. Michirizi ya msasa ilionekana wazi, ile ya duara ninayopiga mimi.

Klara aliweka beseni chini. Akapitisha kiganja kwenye ubao polepole. Alikuwa amemwoshea bruda vifaa, alijua alama ya kila kitu.

"Ulipiga msasa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kabla hujaniambia yuko mzima."

"Ndiyo, mama."

Akabaki ameshika ubao. "Kwa hiyo alikuwa Paskali tu," akasema. "Miaka minne yote. Kilio cha Mika wangu nilikuwa nampelekea Paskali."

Akainama akatapika, pale pale mbele ya altare, akashikilia magoti yake kwa mikono ile mikubwa. Nilitaka kumdaka kwapani, nikanyoosha mkono. Alinitazama, nikaurudisha.

Nje wanawake walikuwa wamechoka kungoja. Yunis akagonga mlango. "Mama Mika! Tuingie?"

Klara alijifuta mdomo kwa kitambaa cheupe. Akaniambia, bila kunitazama tena, "Nenda ukawaambie wewe."

Nilikusanya brashi zangu na chupa yake ya tapentaini, nikatokea mlango wa sakristia, ule wa padri, upande wa pili wasikokuwepo wanawake.